Malaika Hufurahia Toba, Si Damu

  

Ndugu Waislamu, katika mihadhara ya kulinganisha dini inayofanywa katika miji yetu, kuna aya moja ya Biblia ambayo wahubiri wa Kikristo hupenda sana kuisoma mbele ya Waislamu. Nayo ni Wagalatia 1:8, ambapo Paulo anamlaani mtu yeyote, hata akiwa ni malaika aliyeshuka kutoka mbinguni, atakayewahubiria watu injili tofauti na ile aliyoihubiri yeye. Mhubiri huifunga Biblia yake, akawageukia waliohudhuria na kuwauliza: Je, Muhammad hakusema kwamba aliletewa ujumbe na malaika? Na ujumbe huo haukukanusha msalaba? Basi hukumu yake imekwisha kuandikwa. Wengine huongezea 2 Wakorintho 11:14, ya kwamba Shetani naye hujigeuza akaonekana kama malaika wa nuru.

Hoja hii huwababaisha vijana, na tatizo kubwa ni kwamba majibu wanayopewa wanaporudi msikitini mara nyingi huwa ni kejeli kuliko elimu. Kijana huambiwa kwamba Paulo alikuwa mwongo, watu wakapiga takbira, naye akabaki na swali lake moyoni. Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa njia nyingine. Wacha tuwaendee hao Malaika wenyewe, kama walivyoelezwa ndani ya Biblia na katika maandishi ya wanazuoni wakubwa wa Kikristo, tuulize: ni jambo gani hasa linalowashughulisha Malaika katika wokovu wa mwanadamu? Ni damu iliyomwagika msalabani, au ni toba ya mja anayerejea kwa Mola wake?

AYA WANAYOTUTISHA NAYO

Kwanza tuiweke sawa aya yenyewe. Paulo hapo hatoi dalili ya usahihi wa injili yake. Anaifanya injili yake kuwa mizani, kisha anampima kwayo kila mjumbe, awe wa ardhini au wa mbinguni. Anayetaka kuitumia aya hiyo dhidi ya Jibril (a.s.) inamlazimu kwanza athibitishe kwamba mizani yenyewe ni sahihi, na hilo ndilo linalobishaniwa. Ni sawa na muuza duka anayedai kwamba kila jiwe la mizani lisilolingana na la kwake ni la wizi, bila ya kukubali la kwake lipimwe.

Isitoshe, katika barua hiyohiyo, sura ya 3 aya ya 19, Paulo anakiri kwamba Sheria ya Musa (a.s.) ilipitia mikononi mwa malaika, wala hakumwita Musa mtume wa uongo kwa sababu hiyo. Na Injili ya Luka inaanza na nani? Inaanza na Gabrieli, ambaye ndiye Jibril (a.s.), anayemjia Zakaria (a.s.) hekaluni kisha anamjia Maryam (a.s.) kumpa bishara ya mwana. Mkristo atasema: sisi hatumkatai malaika kwa kuwa ni malaika, bali tunaukataa ujumbe unaopingana na msalaba. Vyema. Basi na tuutazame ujumbe wa malaika hao juu ya wokovu, tuone unafungamana na nini.

Gabrieli alipomwambia Zakaria habari za mwanawe Yahya (a.s.), alimweleza kwamba mtoto huyo atawarejesha wengi katika Wana wa Israeli kwa Bwana Mungu wao (Luka 1:16). Kurejea kwa Mungu, kwa lugha yetu, ndiyo toba. Katika Mathayo 1:21 malaika anasema kwamba mtoto atakayezaliwa na Maryam atawaokoa watu wake na dhambi zao. Tunalikiri neno hilo, maana si desturi yetu kuficha lililoandikwa; lakini malaika hakusema atawaokoa kwa njia gani, na kila Mtume aliyepata kuletwa aliwaokoa wafuasi wake na dhambi zao kwa kuwafundisha kuziacha. Penye kaburi, katika Luka 24, watu wawili wenye mavazi ya kung'aa wanataja kusulubiwa. Sisi hilo hatulikubali kwa dalili ya Qur'an (4:157). Lakini hata kwa mwenye kulikubali, hao wawili hawakusema kwamba kifo hicho kilikuwa ni fidia ya dhambi za mtu yeyote.

Wataalamu wao watatuletea Ufunuo sura ya 5, ambapo malaika maelfu kwa maelfu wanamsifu Mwana-kondoo aliyechinjwa. Ni kweli imo. Hiyo ni njozi ya mtu mmoja, katika kitabu ambacho Eusebius, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, ameandika kwamba Wakristo wa zama zake walihitilafiana juu ya kukikubali. Anayetaka kujenga itikadi nzima ya damu juu ya njozi hiyo, ana haki ya kuulizwa kwa nini ameiacha kauli iliyo wazi, inayonasibishwa na Isa (a.s.) mwenyewe, na ambayo Wakristo wote wanaikubali. Kauli hiyo imo katika Luka sura ya 15.

KONDOO MMOJA NA NGAMIA MMOJA

Sura hiyo ina mifano mitatu. Mtu mwenye kondoo mia amepoteza mmoja, akawaacha tisini na tisa kwenda kumtafuta. Mwanamke mwenye sarafu kumi amepoteza moja, akawasha taa na kufagia nyumba mpaka akaiona. Kisha baba mwenye wana wawili, ambaye mdogo wao aliitapanya mali yake katika nchi ya mbali, akarudi nyumbani akiwa na njaa na aibu. Na baada ya mfano wa sarafu, katika aya ya 10, Isa (a.s.) anasema wazi sababu ya furaha iliyopo mbele ya malaika wa Mungu: ni mwenye dhambi mmoja aliyetubu.

Ndugu msomaji, irudie sura hiyo mara tatu, na tunawaomba majirani zetu Wakristo nao waisome pamoja nasi. Yuko wapi aliyekufa ili kondoo apatikane? Mchungaji alimbeba mabegani, hakuchinjwa kwa ajili yake. Yule baba alimwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia. Hakumwambia ndugu yake mkubwa: njoo wewe uliye mwema nikupige, ndipo niweze kumsamehe huyu mwovu. Ndama alichinjwa, naam, lakini alichinjwa kwa ajili ya karamu, baada ya msamaha kwisha kutolewa. Mifano hii mitatu ndiyo mafundisho marefu kupita yote yaliyomo katika Injili juu ya namna Mungu anavyompokea mkosefu, na Malaika wametajwa humo kwa jina lao. Furaha yao imefungwa na toba, na hakuna tone la damu kati yake.

Sasa linganisha na yale aliyotufundisha Mtume wetu (s.a.w.). Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametueleza kwamba Allah huifurahia toba ya mja Wake kuliko furaha ya mtu aliyekuwa jangwani na ngamia wake aliyebeba chakula na maji yake, ngamia akamtoroka, naye akakata tamaa, akajilaza kungoja mauti, kisha akafumbua macho na kumwona amesimama mbele yake. Katika mapokezi ya Anas (r.a.) yaliyomo kwa Muslim, mtu huyo kwa wingi wa furaha alikosea maneno yake alipotaka kumshukuru Mola wake. Msikilizaji mwadilifu ataona kwamba kondoo yule na ngamia huyu ni wa malisho mamoja. Aliyefundisha lile na aliyefundisha hili wametumwa na Mola Mmoja.

Na kama mfano haukutosha, liko tukio. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) habari ya mtu wa umma uliotutangulia, aliyeua watu tisini na tisa. Alimwendea mtawa mmoja akamuuliza kama anayo toba. Mtawa akamwambia hana, akamuua na huyo, wakatimia mia. (Na wapo miongoni mwetu, wenye ndevu na kanzu, wanaowajibu vijana walevi kama alivyojibu mtawa huyo, kisha wakashangaa kwa nini vijana hao wanapatikana katika mikutano ya Injili.) Kisha akamwendea mwanachuoni, naye akamwambia: ni nani awezaye kukuzuilia toba? Akamwelekeza ahame kwenda nchi ya watu wema wanaomuabudu Allah. Mauti yakamkuta njiani.

Hapo ndipo Malaika wanapoingia. Wakabishana juu yake Malaika wa rehma na Malaika wa adhabu. Wa rehma wakasema amekuja hali ya kuwa ametubu na moyo wake umemwelekea Allah. Wa adhabu wakasema hajapata kutenda jema lolote. Akaja Malaika katika sura ya mtu, wakamfanya hakimu, akaamuru ipimwe ardhi baina ya nchi mbili, ile aliyotoka na ile aliyokuwa akiiendea, naye awe wa ile aliyo karibu nayo zaidi. Wakapima, wakamkuta yu karibu zaidi na nchi ya watu wema, kwa shibiri moja tu. Wakamchukua Malaika wa rehma.

Shibiri moja, ndugu zangu! Mbele ya watu mia waliouawa. Hapa hapakuulizwa nani amelipa. Malaika walipima hatua za mtu mwenyewe, na Allah akazifanya zitoshe.

Yapo maneno yanayosikika ya kwamba Malaika wa Waislamu ni makarani tu, hukaa mabegani mwa mtu wakiandika makosa yake, hali ya kuwa malaika wa Wakristo wanampenda mwanadamu na kumlinda. Asemaye hivyo hakuisoma Suratu Ghaafir. Katika aya ya 7 hadi ya 9, Malaika wanaoibeba Arshi, na walio pembezoni mwake, pamoja na kumsabihi Mola wao, wanawaombea maghfira walioamini. Wanamwomba Allah awasamehe waliotubu na kufuata njia Yake, awakinge na adhabu ya Moto, awaingize katika Pepo za milele pamoja na wazee wao, wake zao na watoto wao waliotengenea. Na katika Suratu Shuura aya ya 5 wanawaombea maghfira waliomo ardhini. Kiumbe anayeibeba Arshi anayataja makosa yako usiku huu na kukuombea usamehewe, nawe umelala. Ukarani wa namna hiyo, nani asiyeutaka? Na kwa kuwa limetajwa suala la mapenzi, Thomas Aquinas, aliye imamu wao mkubwa katika elimu ya malaika (alifariki mwaka 1274), aliuliza kama malaika mlinzi huhuzunika anapopotea yule anayemlinda, akajibu kwamba hahuzuniki, kwa kuwa yumo katika raha kamili na matakwa yake yanafuata uadilifu wa Mungu. Hatumlaumu kwa jibu hilo. Tunasema tu kwamba picha ya malaika anayelia machozi, inayouzwa madukani, haikutoka kwa wanazuoni wao.

MALAIKA WANACHUNGULIA NINI?

Katika 1 Petro 1:12 imeandikwa kwamba mambo ya wokovu waliyohubiriwa Wakristo ni mambo ambayo malaika wanatamani kuyachungulia. Neno la Kiyunani lililotumika hapo lina maana ya kuinama ili kutazama ndani, na ndilo lililotumika katika Yohana 20:5 kwa mwanafunzi aliyeinama kuchungulia kaburini. Wanazuoni wa Kikristo wameijengea aya hii jengo kubwa. Wanasema malaika wasioasi hawakuhitaji kukombolewa, walioasi hawakupewa mkombozi, kwa hiyo wokovu ni jambo la mwanadamu peke yake, na malaika ni watazamaji wanaostaajabu. Wanaliunga mkono kwa Waefeso 3:10, ya kwamba kwa njia ya kanisa hekima ya Mungu inajulishwa kwa wakuu wa mbinguni, na kwa Waebrania 2:16, ya kwamba msaada huo haukuletwa kwa malaika, bali kwa uzao wa Ibrahimu.

Wako wahadhiri wetu wanaoishika aya ya Petro na kuwacheka Wakristo: inakuwaje malaika wasijue siri ya wokovu na mvuvi wa samaki aijue? Ndugu wahadhiri, iacheni hoja hiyo, ni dhaifu, na siku moja itawarudia. Qur'an yetu wenyewe (2:30-32) inatufahamisha kwamba Malaika waliuliza juu ya hikima ya kumuweka mwanadamu duniani, kisha wakakiri kwamba hawana elimu isipokuwa ile waliyofundishwa na Allah. Malaika kutojua ghaibu si aibu katika dini yoyote.

Hoja yenye nguvu iko kwingine, nayo ni hao malaika walioasi. Kwa mujibu wa 2 Petro 2:4 na Yuda aya ya 6, wamo katika vifungo vya giza wakingoja hukumu. (Sisi hatuamini kwamba Malaika huasi, Qur. 66:6, na Iblisi alikuwa katika majini, Qur. 18:50. Tunazungumza nao kwa vitabu vyao.) Basi tuwaulize: msingi wa msalaba ni kwamba upendo wa Mungu haukuweza kumwacha kiumbe Wake apotee, na uadilifu Wake haukuweza kusamehe bila ya malipo. Kama ni hivyo, wako wapi malipo ya malaika hao? Ikiwa Mungu aliweza kuwaacha bila ya mkombozi na akabaki kuwa mwenye upendo, basi msalaba haukuwa wa lazima kwa ajili ya upendo. Origen, mwanachuoni wa Alexandria katika karne ya 3, aliliona pengo hili, na mafundisho ya kwamba hata pepo watarejeshwa mwishoni yakanasibishwa naye. Kanisa likayalaani katika karne ya 6. Pengo lakini limebaki palepale.

NAFASI ZILIZOACHWA WAZI

Aliyejaribu kuliziba kwa akili kuliko wote ni Anselm, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Uingereza, katika kitabu chake alichokikamilisha mwaka 1098 kujibu swali la kwa nini Mungu awe mtu. Kitabu hicho ndicho kilichoyapa makanisa ya Magharibi, ya Kikatoliki na baadaye ya Kiprotestanti, msamiati wa deni na malipo tunaousikia mpaka leo katika vipaza sauti. Haki ituseme kwamba makanisa ya Mashariki hayakuufuata mwendo wake.

Kabla yake, mapapa na maaskofu walikuwa wamekwisha kuifasiri Luka 15 kwa hisabu. Papa Gregory wa Kwanza (590-604) alieleza katika hotuba yake kwamba zile sarafu kumi ni madaraja tisa ya malaika, na ya kumi iliyopotea ni mwanadamu. Na kondoo tisini na tisa walioachwa ni malaika waliobaki mbinguni. Na Augustine, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba wanadamu watakaookolewa wataziba nafasi zilizoachwa wazi na malaika walioanguka. Anselm akaichukua rai hiyo akaipangia hoja: idadi ya wakazi wa mji wa mbinguni ilikwisha kukadiriwa, malaika wakapungua, haistahiki mpango wa Mungu uharibike, kwa hiyo lazima waletwe wanadamu kuikamilisha. Na kwa kuwa mwanadamu ana deni asiloliweza, lazima apatikane wa kumlipia. Tukae katika insafu: Anselm hakusema kwamba mwanadamu ameumbwa kwa ajili ya kuziba pengo tu, alijitahidi kuonyesha kwamba watakaookolewa ni wengi kuliko malaika walioanguka. Lakini mlango alioingilia ndio huo.

Na malaika walioanguka, kwa nini wasikombolewe? Akajibu mwishoni mwa kitabu: kwa sababu ingehitajika Mungu awe malaika, na malaika hawakutoka katika asili moja kama wanadamu walivyotoka kwa Adam, kwa hiyo mmoja hawezi kuwalipia wengine. Msomaji na apime. Mungu ambaye rehma Yake inazuiliwa na kanuni ya nasaba! Amesimama mbele ya viumbe Wake walioangamia, anataka au hataki, lakini hawezi, kwa kuwa hawana babu mmoja.

Yote haya yametokana na sentensi moja aliyoiweka Anselm kuwa msingi, ya kwamba haifai Mungu asamehe dhambi kwa rehma tupu bila ya kulipwa. Sentensi hiyo ukiiweka mbele ya yule baba wa Luka 15, mmoja wao itambidi aondoke. Watasema: imeandikwa katika Waebrania 9:22 kwamba pasipo kumwaga damu hapana ondoleo. Waambie waifungue Torati, Mambo ya Walawi 5:11-13, waone namna fukara asiyeweza kununua hata njiwa alivyoruhusiwa kuleta unga kwa ajili ya dhambi yake akasamehewa. Waifungue Yona sura ya 3, waone watu wa Ninawi walisamehewa kwa damu gani. Waifungue Ezekieli 18:21-22, ambapo mwovu anayeziacha dhambi zake anaahidiwa uhai, na makosa yake hayatakumbukwa tena. Kisha tusome pamoja Suratu Zumar aya ya 53, ambapo Allah anawaita waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehma Yake.

NA SISI JE?

Ingekuwa raha tukaishia hapo. Lakini tumejifunza katika kuwasoma Wakristo jambo linalotuhusu, na Harakati hii haikuanzishwa ili kuwarekebisha jirani peke yao.

Wako Waislamu wanaowatuhumu Wakristo wote kwamba wanaabudu malaika. Si kweli. Katika Ufunuo 19:10 malaika anamkataza Yohana kumsujudia, akimwambia kwamba yeye ni mtumishi mwenzake. Wakolosai 2:18 inakemea ibada ya malaika. Katika karne ya 4 sinodi ya maaskofu iliyokutana Laodikia, karibu na huko Kolosai, iliwakataza Wakristo kuliacha kanisa la Mungu na kwenda kuwataja malaika katika maombi. Na Theodoret, askofu wa karne ya 5, ameandika kwamba ugonjwa huo ulidumu muda mrefu katika nchi za Frigia na Pisidia. Mwaka 745, sinodi ya Rome chini ya Papa Zachary iliihukumu sala ya mtu aitwaye Aldebert aliyekuwa akiwaita malaika kwa majina ya ajabu ajabu, maaskofu wakasema hawayatambui isipokuwa majina matatu: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Hata mwaka 2001 Vatican ilitoa mwongozo wa kuzuia tabia ya kuwabandika malaika majina mengine. Ni kweli pia kwamba Wakatoliki hao hao wanamwomba Mikaeli, wana sikukuu ya malaika walinzi tarehe 2 Oktoba, na Papa Leo wa 13 aliamuru mwaka 1886 sala maalumu ya kumwomba Mikaeli isomwe baada ya misa. Mlango uliofungwa mbele ulifunguliwa nyuma. Hata hivyo walikuwepo waliokemea.

Nasi tuna nani wa kukemea? Chukua hirizi ivaliwayo na mtoto wa Kiislamu, ifungue. Utakuta mraba wenye nyumba za tarakimu, na katika pembe zake nne: Jibrili, Mikaili, Israfili, Azraili. Jina hilo la mwisho halimo katika Qur'an wala katika Hadithi sahihi. Qur'an imemwita Malakul-Maut (32:11). Aliyeandika anawaita Malaika hao wamtumikie kwa wino wa zafarani, na aliyelipa ameambiwa kwamba hiyo ni dini. Hapa hatuna hata udhuru wa Frigia, kwani Kitabu chetu kimelisema jambo hili waziwazi. Malaika ni waja waliotukuzwa, hawamtangulii Allah kwa neno, wala hawamwombei ila yule anayemridhia (Qur. 21:26-28). Shufaa yao haifai kitu ila baada ya idhini Yake (53:26). Allah hakuwaamrisha watu kuwafanya Malaika na Manabii kuwa miungu (3:80). Na Siku ya Kiyama Malaika wataulizwa kama watu hawa walikuwa wakiwaabudu wao, nao watajitenga nao na kusema kwamba mlinzi wao ni Allah, na kwamba hao walikuwa wakiwaabudu majini (34:40-41). Huyo ndiye shahidi ambaye mwenye hirizi anamwandaa dhidi ya nafsi yake.

Na hali ya kuwa dua ya Malaika haiuzwi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama ilivyo kwa Bukhari na Muslim, kwamba mtu anapobaki pale alipoSwalia, maadamu udhu wake haujatenguka, Malaika wanamwombea kwa Allah amsamehe na amrehemu. Na katika Sahihi Muslim, kwa Abu Dardaa (r.a.), ukimwombea ndugu yako hayupo, Malaika aliyewekwa hapo huitikia Amin na kukuombea wewe mfano wake. Hayo yanapatikana kwa kukaa dakika kumi msikitini baada ya Alfajiri. Tazameni Alfajiri ya kesho ni wangapi wanaobaki katika safu baada ya salamu, na ni wangapi watakaoonekana saa tatu barazani kwa mganga, wakisubiri kuandikiwa majina ya Malaika waliowaacha msikitini.